Nilipewa mwezi mmoja wa kulisha wadogo zangu hapa Uvira, nikishindwa shangazi anamchukua Furaha

Wakuu, habari za humu ndani.

Jana kuna mwenzetu alifungua uzi akiuliza familia inakulaje mwezi mzima kwa hela kidogo. Nimesoma majibu yote. Wengi mmemwandikia kilo na bei. Jibu langu mimi lina watu ndani yake, na ni refu, ndiyo maana nimelianzishia uzi wake.

Yote yalinitokea mimi mwenyewe. Atakayeona hapa kuna chai alete na mandazi, tutakunywa wote.

Mimi ni binti wa Uvira, Kongo, tunakaa Nyamianda. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha wote, ila watu wangu wakifungua mdomo nitawaacha waseme kama walivyosema. Msinicheke.

Twende.

Nyumbani tulikuwa watoto watatu. Mimi Zawadi ndiye wa kwanza, ananifuata Amani, halafu kitinda mimba wetu Furaha. Baba anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko kusini, upande wa Fizi. Anakuja mara chache, na kila mwezi anatuma hela kwa simu.

Hela yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini nawaambia ukweli, wakati mama yuko hai hatukujua kama ni ndogo.

Kwa mama tulikula sombe (kwenu mnaita kisamvu) iliyotwangwa asubuhi na kuiva jioni, mawese yanaelea juu yake mekundu. Tulikula bugali wa muhogo. Tulikula ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu. Na tulikula wali, tena mara nyingi tu, wali unaonukia mpaka kwa jirani.

Mpaka leo nikipita mahali nikasikia harufu ya mawese yanachemka, nasimama. Watu hudhani nimesahau kitu.

Mama hakuwahi kutueleza anapangaje. Aliagiza tu: leo loweka maharage, kesho nenda mwaloni, kwa wavuvi. Sisi tulibeba beseni tukaenda. Nani angeuliza? Chakula kilikuwepo.

Kisha mama aliugua, haikuchukua muda, akatutoka.

Baada ya matanga, ndugu wamekaa uani, shangazi yetu wa Sange akamgeukia baba. Sange ni kule kwenye bonde la Ruzizi, njia ya kwenda juu, watu wanalima mpunga na muhogo. Shangazi ni mwanamke wa maneno machache, na akisema amesema.

"Kaka, hawa wakubwa babaki. Huyu mudogo minye ninamubeba. Zawadi iko angali mutoto, atamulisha na nini?"

Furaha alikuwa amekaa mapajani pangu. Nilisikia vidole vyake vinanikamata kwenye kitenge.

Nikasema hapana. Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo mbele za watu. Nikasema mama ametuacha watatu na tutabaki watatu.

Baba akasema, "Nakupatia mwezi moja, Zawadi. Ukiona unashindwa, usione haya. Shangazi yako iko na mashamba, Furaha hatalala njaa."

Basi. Mwezi mmoja. Shangazi angerudi mwisho wake kuangalia.

Wakuu, hapa ndipo nilipojifanya msomi.

Hela ya baba ilipoingia nikakaa na simu nikatafuta video za kupanga chakula cha familia. Nikampata dada mmoja, jiko lake linang'aa, anasema siri ni kununua kila kitu siku moja mwanzoni mwa mwezi, unagawa kwenye vikopo, unaweka. Nikaona hili ndilo. Sikuzingatia kwamba yule dada ana friji yenye milango miwili. Mimi nilikuwa na beseni mbili, moja imepasuka.

Nikaenda sokoni kama tajiri. Unga, mawese, chumvi, maharage kidogo. Hela kubwa nikaiweka kwenye ndagala, kwa sababu Furaha anapenda ndagala kuliko kitu chochote na nilitaka shangazi akija amkute ananawiri.

Bei ilikuwa juu sana. Nikamuuliza muuzaji mbona hivi.

"Samaki hakuna, mwanangu. Ku ziwa haiko kitu."

Nikadhani ni maisha yamepanda tu kama kila kitu kinavyopanda. Nikalipa.

Na wenyewe hawakuwa wamekauka vizuri. Mvua ikanyesha siku mfululizo, unyevu ukaingia nyumbani. Kabla wiki haijaisha beseni lilikuwa linanuka, na paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu.

Amani, ambaye akila utadhani anafukuzwa, akainama akanusa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, iko inanuka kweli. Lakini tuijaribu tu."

Nikamwaga. Nililia wakati namwaga, sitaficha.

Zikaanza siku za bugali na lengalenga, yaani mchicha, bila mafuta. Mawese niliyapima kwa kijiko. Amani akaanza kuchelewa kurudi, nikajua anakula kwa rafiki zake, nikanyamaza maana ilinisaidia. Furaha hakulalamika hata mara moja. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Mtoto wa umri ule kutolalamika chakula si kawaida.

Jioni moja shangazi akapiga simu, akataka kuongea na Furaha. Nikaweka sauti ya juu.

"Mwanangu, leo mumekula nini?"

Furaha akanitazama. Kisha akasema bila kusita, "Wali na ndagala, shangazi. Nimeshiba hata."

"Wali?"

"Ndiyo. Wali mingi."

 Shangazi akatuaga, simu ikakatika.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Aliona kabisa kwamba akisema kweli anapandishwa gari la Sange. Nikamkumbatia na yeye akauliza kwa sauti ndogo, "Yaya, nilisema vibaya?"

Nilipomaliza kumlaza ndipo lile neno likaanza kunizunguka. Wali. Tangu mama afe hatujala wali hata siku moja. Kwa nini? Mimi sokoni nilipita kwenye mchele nikauona ghali, nikaendelea. Mama aliuwezaje, kwa hela ileile?

Nikajilazimisha kumwona mama sokoni ananunua mchele. Sikumwona. Nikamwona nje, asubuhi, anapokea gunia kutoka kwa dereva wa minibasi ya Sange. Na nikamwona anampa yule dereva mfuko umefungwa kwa kamba ya mgomba, unanukia ndagala wakavu.

Wakuu, mchele wetu ulikuwa unatoka kwa shangazi.

Kule bondeni mpunga wanao, ila samaki wananunua kwa bei iliyoongezwa njiani. Sisi samaki tunao, mchele ndio ghali. Mama na wifi yake walimaliza hilo jambo wao wawili kwa miaka, hakuna aliyeita mkutano. Mama alipokufa mfuko wa ndagala haukupanda tena, na gunia halikushuka. Katika ule msiba hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Lakini ndagala ningewapata wapi kwa hela iliyobaki?

Hapo nikakumbuka kitu kingine. Mama akimaliza kuosha vyombo alikuwa anasimama uani anaangalia ziwa. Sisi tulidhani anapunga upepo. Kumbe alikuwa anatafuta taa. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na ndagala sokoni wanakuwa dhahabu. Mama akiona ziwa halina taa aliniita: Zawadi, loweka maharage. Tukala maharage mpaka tukayachukia. Giza likirudi, tunakula samaki na wengine wanaanikwa.

Mimi nilinunua samaki wakati mbalamwezi inawaka mpaka unaona kivuli chako.

Natamani ningerudishiwa jioni moja tu ya yale maharage tuliyoyachukia, mama yuko jikoni, mimi ninanuna.

Sasa hela niliyobaki nayo ilikuwa ya makaa. Nikaamua tutapika kwa vipande vya mbao tunavyookota kwa fundi seremala wa jirani. Nikasubiri. Zile siku za kusubiri tulikula maharage, kwa adabu.

Taa zilipoonekana ziwani, Furaha ndiye aliyenivuta mkono niangalie. Kesho yake tukashuka mwaloni wote watatu. Bei ilikuwa imeanguka, nikajaza beseni na muuzaji akaniongezea. Tukaanika kwenye mkeka wa mama, jua lilikuwa zuri, Amani na Furaha wakafukuza kunguru kwa zamu huku wanagombana zamu ya nani.

Wakakauka mpaka wanalia ukiwatikisa.

Nikafunga mfuko mzuri, nikamtafuta dereva aliyekuwa anabeba mizigo ya mama, nikampa. Akauliza, "Kwa nani?" Nikamwambia kwa shangazi. Akaitikia kwa kichwa, akaupokea, hakuniuliza nauli.

Halafu kimya. Shangazi hakupiga simu. Hakusema umefika, hakusema asante.

Mwezi ukaisha. Asubuhi yake Furaha aliamka mwenyewe, akavaa nguo zake tatu zote, moja juu ya nyingine, akakaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kama ananibeba nisisahau kitu."

Moyo wangu ulivunjika, wakuu. Nilikaa karibu yake nikampakata.

Shangazi alifika mchana, jasho linamtoka. Nyuma yake mtu wa mkokoteni alikuwa amebeba gunia. Shangazi akamwonyesha mahali pa kuliweka, jikoni, kwenye kona. Hakuuliza kona ipi. Alikuwa anaijua.

Akaketi kwenye kigoda. Akamtazama Furaha na zile nguo zake, akanitazama mimi.

"Ndagala uliikausha weye?"

"Ndiyo, shangazi. Sisi wote."

 Akaanza kulia. Yule mwanamke hata matangani hakulia mbele yetu.

"Mama yenu hakukuwa wifi yangu tu," akasema. "Minye kule niko peke yangu, munajua. Ule mufuko ukifika ninasema, leo kuna muntu amenifikiria. Amekufa, mufuko hakuna. Nikangoja. Nikasema basi, banisahau. Acha nichukue hata mutoto wake moja, nibaki na kitu yake mu nyumba."

Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima, nikidhani anatudharau. Kumbe alikuwa anamlilia mama kama sisi, na hakuwa na wa kulia naye.

Nikapiga magoti nikamshika. Nikamwomba radhi kwa kumwacha peke yake, maana lile ni kosa letu sote.

Akajifuta uso na kitenge. Akamwita Furaha.

"Mama, vua hizo nguo, utakufa na joto. Kuya hapa unisaidie kuchambua muchele."

Furaha akaniangalia kuhakikisha kama amesikia vizuri. Nikamwambia nenda. Akavua nguo ya kwanza, ya pili, akabaki na moja, akaenda akakaa kati ya magoti ya shangazi na ungo.

Tukala wali ule mchana. Amani aliongeza mpaka nikamkataza, shangazi akamwongezea. Jioni alirudi Sange peke yake.

Sasa funzo, kwa yule aliyeuliza.

Panga bajeti, ndiyo. Nunua kitu wakati wake, usiige jiko la mtu mwenye friji. Kausha ukipata kingi. Lakini hela ya mama yangu haikuwahi kutosha hata mwezi mmoja, sasa ndiyo najua. Kilichotosha ni mama pamoja na mtu mwingine aliyekuwa anafikiriana naye kila mara. Kwa hiyo kabla hujakata matumizi, angalia kwanza kama hujakata watu.

Siku hizi mifuko inapanda na magunia yanashuka. Likizo zote Furaha anaenda Sange, kwa kutaka mwenyewe, na kila akirudi amenenepa na ana maneno mengi.

Niambieni, kwenu mama alikuwa analishaje watu wote wale? Ambaye mama yake bado yupo, asiandike kwanza. Ampigie amuulize, halafu arudi hapa atuambie.