Antena ya Baba

Mto ule ulisikika kabla ya kuonekana. Ulishuka kutoka kwenye msitu wa mianzi, juu kabisa ya kijiji cha bibi mzaa mama, ukigonga mawe njia nzima, na maji yake yalikuwa ya baridi hata miguu ikafa ganzi kabla hujahesabu hadi ishirini. Tulifika huko kwa miguu, mwendo wa siku mbili, vita vilipoingia Bukavu na nyumba yetu ya Kadutu ikabaki mlango wazi. Mama alibeba sufuria, blanketi na mdogo wangu mgongoni. Baba, mwalimu wa biolojia aliyezoea wanafunzi kusimama anapoingia darasani, alibeba mfuko wa unga na ufito wake wa kuvulia samaki, vipande vitatu vilivyoviringishwa ndani ya kitambaa. Mama alimwambia wazi kwamba ufito hauliwi.

Ufito huo aliachiwa na mzungu mmoja wa shamba la kwinini, ambako babu alikuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua. Wazungu wa shamba hilo ndio walioleta kwenye mito yetu ya baridi samaki wa madoadoa aitwaye truiti. Truiti, alisema baba, havuliwi kwa mnyoo. Hudanganywa kwa nzi wa bandia: unyoya wa shingo ya jogoo unafungwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo, unarushwa juu ya maji, unaachwa uelee kama mdudu aliyeanguka. Kufunga hao nzi ilikuwa kazi yangu, maana nilikuwa msichana wa miaka kumi mwenye vidole vyembamba. Majogoo wa bibi walijua kunikimbia. Majirani nao walikuja kumtazama baba akichapa hewa kwa ufito, wakacheka hadi wakashika mbavu.

Juu ya hayo baba alikuwa na sheria yake: samaki asiyetimia shubiri hurudishwa majini akakue. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya nyumba moja, tunakula maharage bila mafuta, na mtu mzima na akili zake anarudisha samaki mtoni. "Papa Neema," mama alimwambia jioni moja, akimwita kwa jina langu, "hizi samaki unarudisha, batoto batakula sheria yako?" Baba aliendelea kuufuta ufito wake kwa kitambaa.

Asubuhi moja yenye jua, baba na mimi tukiwa mtoni, askari sita wakatoka kwenye mianzi, upande uleule tuliokuwapo sisi. Sikujua ni wa jeshi gani, na hadi leo sijui. Mkubwa wao, kijana aliyevaa koti la mvua, alimwona baba ameinua ufito mrefu unaometa, uzi mwembamba ukining'inia na unyoya nchani, akaamua moja kwa moja kuwa ni redio.

"Muzee, weka chini hiyo antene. Unaongea na nani?"

"Haiko antene, afande. Ni ya kuloba samaki."

"Samaki anakula manyoya? Unatuona sisi batoto?"

Siku hizo mtu aliyeshukiwa kuwaita maadui kwa redio hakuulizwa mara mbili. Nililijua hilo hata kwa umri wangu. Niliogopa hadi mkojo ukanitoka, na sioni aibu kulisema. Yule kijana akatazama unyoya, akatazama maji. "Loba basi, tuone. Ukikosa, utatufuata."

Mrusho wa kwanza ulinasa kichakani na nzi akakatika. Baba akaninyooshea ncha ya uzi. Nilifunga nzi mwingine, mtutu wa bunduki ukiwa umemgusa baba mgongoni. Akarusha tena, na tena, bila kitu. Mara ya nne uzi ukakaza, truiti akaruka juu. Baba alimvuta, akalowesha mkono, akamshika, akampima kwa kiganja. Hakutimia shubiri. Basi hapo, mbele ya bunduki sita, akiwa na ushahidi wake wa pekee mkononi, baba yangu aliinama akamrudisha mtoni. Hakufikiri, mkono ulifanya ulichozoea. Mimi nilifumba macho.

Nilichosikia kilikuwa kicheko. "Espiyo gani anarudisha samaki mu mayi na njaa hii?" alisema yule kijana aliyedhani amekamata jasusi, akijifuta machozi. "Huyu muzee iko na kichwa mubaya. Mutoto, peleka papa yako nyumbani." Walichukua sweta ya baba na viatu vyake, wakaendelea kupanda.

Tulirudi baba akiwa peku, mimi nikicheka na kulia kwa pamoja. Mama aliposimuliwa alikaa chini palepale jikoni. Kisha akainuka, akampiga baba begani mara mbili, kwa nguvu, akamkumbatia mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu.

Siku hizi nafanya kazi ofisini, Bukavu. Mto ule umekuwa tope, kwa sababu huko juu watu wanachimba dhahabu, na sidhani kama amebaki truiti hata mmoja. Nikisema kweli, hilo linanisikitisha kidogo tu. Wengi niliosoma nao walipoteza baba zao miaka ile, na baadhi yao hawakupata hata mwili wa kuzika. Wangu anakaribia miaka themanini, macho yamefifia, ubishi umezidi, na kila asubuhi hunipigia simu katikati ya mkutano kulalamika kwamba chai yake imewekwa sukari kidogo. Mkuu wangu wa kazi ameshanionya mara mbili. Natoka nje, naipokea.