Mbogo "amelala", shemeji akatoka mbio na kisu: yaliyotukuta porini Chunya

Wakuu, poleni na mihangaiko. Stori hii haijatiwa chumvi. Mhusika mwenyewe ni shemeji yangu Idi, mume wa dada, na ameniruhusu kuandika mradi nisimfanye mjinga.

Nitajitahidi.

Mimi ni mtu wa Kihesa, Iringa, nauza spea za pikipiki. Rafiki yetu Sanga ana leseni ya kuwinda na bunduki yake, akatualika pori la wazi mbele ya Makongolosi. Tulikuwa na askari wa wanyamapori kama sheria inavyotaka, pamoja na Masanja, Msukuma wa Usangu anayefuata nyayo.

Kambi tamu jamani! Turubai, mafiga, chai ya rangi, na baridi ya asubuhi inayowafanya mgombanie moto pamoja na moshi wake.

Mimi sina breki ya maswali. Kwa nini Masanja anarusha vumbi hewani? Kumbe anatafuta upepo. Kwa nini anavunja kinyesi kikavu? Anaangalia kama ndani bado kibichi. Mwisho akaniambia, "Kaka, wewe ulizaliwa na swali mdomoni."

Shida ilikuwa mboga. Idi ni Muislamu, hali nyamafu. Siku ya kwanza Sanga alipiga swala, mnyama akafa palepale kabla ya kisu. Sisi tukachoma nyama, shemeji akala ugali kwa dagaa huku anajichekesha. Roho iliniuma.

"Anayefuata namuwahi, wallahi," akasema.

Aliyefuata akawa mbogo.

Sanga alimpiga, mbogo akaingia kichakani. Tukasubiri kwanza aishiwe nguvu, ndivyo wanavyofanya. Kisha Masanja akanyata kuchungulia, akarudi na kunong'ona neno moja.

"Amelala."

Sasa wakuu, sisi wa mjini ng'ombe wa sherehe akishaangushwa na kufungwa kamba, mtu anaita, "Tayari, amelala!" Maana yake mchinjaji aje. Idi ndiye mchinjaji wa mtaa wetu. Akachomoa kisu, huyoo!

Masanja akapiga kelele: "We Idi! Nimesema amelala, sijasema amekufa!"

"Ndiyo maana nawahi!"

Hilo jibu mpaka leo linanichekesha na kunitetemesha kwa pamoja.

Mbogo akainuka. Alimpiga Idi kwa kichwa, akamtupa pembeni, akageuka kumrudia. Dada yangu alikuwa mjamzito na alikuwa ameniambia, "Nirudishie mume wangu." Niliganda, nikawa namuwaza yeye tu.

Sanga akafyatua, askari naye akafyatua. Mbogo akaanguka karibu kabisa na miguu ya shemeji.

Masanja ndiye aliyefika wa kwanza. Alimpapasa kifua, akahakikisha anapumua, ndipo akaanza kumtukana kwa Kisukuma, machozi yanamtoka. Halafu akageukia Kiswahili:

"Ng'ombe akilala anacheua. Mbogo akilala anakusubiri! Hamjui?"

Hatukujua. Yeye kakulia na ng'ombe malishoni, sisi tunawaona siku ya kuchinjwa.

Tulimkimbiza hospitali. Mbavu zilikuwa zimevunjika, uhai upo. Dada alipofika alinizaba kofi mbele ya manesi, kisha akakaa kitandani akamshika mumewe mkono, akalia. Haki yake.

Nilichojifunza: porini msikubali neno lenye maana mbili. Mtu akisema amelala, muulize amelala vipi, na miguu yako ibaki hapohapo.

Ila kuna swali bado linanisumbua, wajuzi wa dini mnisaidie. Mpiga risasi akisema Bismillah kabla ya kufyatua, mnyama akifa bila kisu, analiwa? Na kama mpigaji ni Mlutheri kama Sanga? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Wawindaji nanyi tupeni yenu. Idi anausoma uzi huu akiwa kitandani, mtoto wao mchanga kamlalia mkononi. Msimchekeshe sana, mbavu bado hazijaunga.