Ng'ombe Walioingia Jiweni

Nilipokuwa mtoto kule Nyabiyonza, ng'ombe wa kwenye jiwe walikuwa na heshima kuliko sisi watoto. Walionekana kwenye mwamba wa kilimani, juu ya shamba letu la migomba, wekundu waliochakaa, pembe ndefu, miguu kama vijiti. Bibi, mama yake baba, alikataa kabisa kwamba walichorwa. Zamani ugonjwa wa sotoka ulipomaliza mifugo, alisema, wachache waliobaki waliingia jiweni kujificha, na bado wanawasikia wenzao wakilia.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hayo hakutaka kuyasikia.

Basi mwaka mmoja ng'ombe wetu Bihogo alifiwa na ndama, akafunga maziwa. Tulimwekea ngozi ya ndama wake ili adhani yupo, aachie maziwa. Akainusa, akageuza kichwa kama mkwe aliyewekewa chai ya baridi. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu, mtoto mchanga, na mama alikuwa mgonjwa, kifua kikavu. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya Bihogo. Baba akaamua kumwita mchinjaji.

"Nitanunua maziwa ya kopo," akasema.

"Kopo liko wapi huku?" bibi akamuuliza. "Au utamnyonyesha wewe?"

Asubuhi, kabla mchinjaji hajafika, bibi alifungua zizi, akanigeukia. "Wewe, beba chombo cha kukamulia. Na mdomo ufunge."

Tulikuwa tumeshafika kwenye mwamba baba alipotukuta, kamba mkononi, anahema.

"Mama, unampeleka ng'ombe kwa mashetani?"

"Nampeleka kwa ndugu zake. Aliyefiwa haachwi peke yake. Ninyi wa kanisani hamwendi matangani?"

Bibi akapaka samli jiweni, akaanza kuimba polepole wimbo wa kukamulia. Bihogo akanusa. Kisha akaanza kulamba, chini kidogo ya zile pembe nyekundu, akalamba hata nikadhani ulimi utachubuka. Bibi akachuchumaa. Maziwa yakagonga chombo.

"Ni chumvi tu," baba akasema. "Jiwe hili lina magadi."

"Na ashukuriwe aliyeyaweka. Shika mkia, unanipiga usoni."

Mzee wa kanisa akashika mkia.

Mchinjaji alipokuja alipewa mkungu wa ndizi, akaenda zake akinung'unika.

Siku hizi wageni wanapanda huko na simu zao, wakishuka wananiuliza wale ng'ombe wana maana gani. Nitajuaje? Aliyewachora hakuniachia maelezo, na darasa la nne langu halikufika huko. Chumvi ipo, nimeilamba mwenyewe. Lakini bibi hakupanda kilima kufuata chumvi. Alimpeleka mfiwa kwa watu wake, na mimi tangu hapo sijaona dawa ya msiba iliyozidi hiyo.

Yule mdogo wangu mchanga sasa ni babu wa watu. Kila tukikutana ananibishia: ilikuwa chumvi, dada, chumvi! Anapiga na meza. Namwacha apige. Nguvu za kupiga meza alizipata wapi?