Madaftari ya Mvua ya Bi Ghanima

Mke wangu Ghanima hupima mvua. Mwaka wa thelathini na sita huu anapima, hapa hapa Manah, Oman, nchi ambayo mvua yenyewe huja ikijisikia. Yakhe, mwanzo nilimcheka sana. Wenzangu wana wake wapenda dhahabu, wangu mie anapenda kopo!

Kopo lenyewe ni kipimo cha skuli aliyokuwa akisomesha sayansi. Skuli ilipoletewa kipya, akaomba hiki cha zamani, akakisimika uani, mbali na mtende. Ikinyesha hutoka, huinama, husoma, kisha hurudi kuandika: siku, tarehe, sala gani iliyo karibu, na milimita ngapi. Anaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kimwalimu. Baba yake alikuwa akiwaandikia wakulima mvua huko Tabora, na yeye kaja Oman na tabia hiyo kama wengine walivyokuja na mbuzi zao za kukunia nazi. Siku za kile kimbunga Gonu, watu tumejifungia tunasoma dua, yeye kasimama uani, mwavuli umepinduka, ananipigia kelele, "Yaqoob, niletee kalamu!" Sikumpelekea. Mimi mtu wa hasira, sikatai.

Mwaka huu likatoka tangazo kuwa ofisi moja inakusanya kumbukumbu za zamani za mvua, ili ijulikane mawadi, haya mabonde yapitishayo maji, hujaa lini, na watu wasijenge penye njia ya maji. Ghanima akapiga simu mwenyewe. Siku mbili kabla ya mgeni kufika, madaftari yake kumi na moja yalishapangwa juu ya meza ya ukumbini, na nyumba nzima inanuka udi. Furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya bibi harusi, wallahi. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kutaka kuyaona, na mimi mumewe nikiwa wa kwanza kutotaka.

Akaja kijana anaitwa Wadhah. Kwao wametokea Bujumbura, na Kiswahili chake cha kuokoteza. "Shikamoo, bibi," akasema, akala halua, akanywa kahawa, kisha akafungua kompyuta yake akawa analinganisha madaftari na kituo chao cha jirani. Nikamwona anakunja uso.

"Bibi, kitabu hii nzuri sana," akasema. "Lakini tarehe yake haikubali na yetu. Karibu nusu imekosea siku moja. Wewe weka tu, kwa ajili ya wajukuu."

Wajukuu! Nilitaka kumtoa nje na kikombe chake mkononi. Ghanima alisema, "Ahsante, mwanangu," akayafunga madaftari, akayatia chini ya kitanda. Wiki nzima hakutia neno la mvua mdomoni. Utabiri wa hali ya hewa ukianza kwenye televisheni, anainuka anakwenda zake jikoni. Moyo uliniuma, maana nyumba ilikuwa kimya, na aliyezoea kumdhihaki ni mimi.

Alkhamisi ilipokwisha, ndiyo kwanza tumemaliza sala ya magharibi, radi ikapasuka upande wa mlimani na mvua ikamwagika. Nikamtazama. Kakaa palepale, anatoa kokwa za tende.

"Mama Nabhan, mvua," nikamwambia.

"Naisikia."

Basi nikatoka mwenyewe, na goti langu hili bovu. Nikangoja ipungue, nikasoma: milimita kumi na mbili. Nikalivuta daftari chini ya kitanda, nikaandika kama aandikavyo yeye: Ijumaa, na tarehe ya Ijumaa, baada ya magharibi, kumi na mbili. Kalamu ingali mkononi, simu ikalia. Ujumbe wa hali ya hewa: mvua ya leo, Alkhamisi.

Ebo! Alkhamisi vipi? Jua limeshazama, huu si usiku wa Ijumaa? Mama zetu wote walihesabu hivyo, jua likizama siku imegeuka. Kumbe mashine ya Wadhah siku yake haigeuki mpaka saa sita ya usiku! Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Wadhah akarudi Jumapili. Nikamwambia, na sauti sikuipunguza, "Kila palipoandikwa magharibi au isha, rudisha siku moja nyuma!"

Akajipiga kipaji cha uso. "Laylat al-Juma! Hata bibi yangu hesabu yake hivi hivi."

Akazirudisha tarehe moja moja, zikakubali zote isipokuwa mbili, za mwaka Ghanima aliokwenda hija. Hapo nikaanza kutafuta viatu vyangu. Mwaka ule kopo alinikabidhi mimi, nami nilipima kwa kuchungulia dirishani.

"Bibi kaandika kitu hapa pembeni," Wadhah akasema, akasoma kwa taabu: "Kapima Yaqoob. Msitegemee."

Ya Rabbi! Miaka ishirini alijua na asiniambie! Wadhah alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kisha akayaomba madaftari yote kumi na moja, yapigwe picha na yawekwe kwenye kumbukumbu za mkoa, kwa jina lake Ghanima. Mke wangu akalia, akajifuta kwa ushungi, akaniambia nimpe kalamu. Safari hii nilimpelekea mbio.

Akafungua ukurasa wa ile Ijumaa, akautazama mwandiko wangu mbaya, akaandika pembeni yake polepole. Nimeshapasoma mara nyingi tangu siku ile, kila akienda jikoni: Kapima Yaqoob. Kweli.