Saa ya Ng'ombe Kunywa Maji

Baba yangu alizoea kuzima redio kabla ya habari za michezo, na hapo ndipo mtihani wetu ulipoanza. Taarifa ya saa saba mchana ikishasema nchi fulani imefunga mpaka, au wanajeshi wameteka ikulu, au wakimbizi wamerudishwa, baba aliweka kikombe chini akauliza, "Haya, ungekuwa serikali, ungefanyaje?"

Swali lilikuwa letu wawili, mimi na mdogo wangu. Jibu lilikuwa lake. "Ningeziita pande zote mezani, baba, lakini kwanza ningeimarisha ulinzi." Baba alicheka kwa raha akamwongezea ndizi. Jibu langu mimi lilinijia kesho yake, nikikata majani ya ng'ombe, wakati nchi ile imeshasahaulika na inasemwa nyingine.

Mimi niliishia darasa la saba. Yeye yuko chuo, amepanga chumba Kaloleni, mjini, na akija likizo huku kwetu mlimani, juu ya Ngaramtoni, hata mbwa wanamkimbilia. Nilimwonea wivu mpaka wa mbwa. Nilimwonea wivu jinsi mama alivyomuuliza kama chai imekolea sukari. Mimi siulizwi.

Kiangazi kile hatukuhitaji redio. Wafugaji wa chini walipandisha ng'ombe kutafuta maji kwenye mfereji wetu, huo huo unaomwagilia migomba na kahawa za kitongoji kizima. Maharage yakakanyagwa. Watu wakatukanana, fimbo zikainuliwa. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano, akataka kila nyumba itoe kijana mmoja wa kusema.

"Nani atatusemea?" baba aliuliza, lakini macho yake yalikuwa yameshachagua.

Safari hii jibu nilikuwa nalo mapema. Mimi ndiye ninayeshinda kando ya mfereji, najua kwamba kuanzia saa sita mpaka saa nane hakuna anayemwagilia. Jua ni kali, watu wanakula. Na pembeni ya korongo, mpaka mferejini, kuna ukanda usiolimwa kwa sababu ya mawe. Ng'ombe wangepita hapo, wakanywa, wakarudi. Ni hilo tu. Nilikaa nalo siku tatu, nikingoja mtu aniulize.

Aliyeuliza ni mdogo wangu, asubuhi ya mkutano. "Braza, wewe kule mferejini ndiyo kwako. Tuwaambie nini wale watu?"

"Sijui," nikasema. "Wewe ndiye msomi."

Nilitaka akosee mbele za watu. Nilitaka baba aone.

Mkutanoni alisimama akaongea vizuri mno. Uzio wa miiba kuzunguka mfereji, vijana walinde kwa zamu, faini kwa atakayevuka. "Hakuna nchi isiyolinda mpaka wake!" Makofi. Baba aliinamisha kichwa kama mtu anayeficha tabasamu. Mimi nilikaa nyuma, nikang'oa nyasi mpaka nilipokaa pakabaki udongo mtupu.

Wiki ya pili walinzi waliwafukuza ng'ombe waliovunja miiba. Jike mmoja mwenye mimba aliteleza akaangukia mferejini, akavunjika mguu. Nilikuwa pale na panga langu na mzigo wa majani. Mwenye ng'ombe, mzee mmoja, alipiga magoti, akamshika masikio akawa anaongea naye Kimaasai, taratibu. Kisha akaniangalia.

"Kijana, maji yenu yamepungua?"

"Hapana, mzee."

Wakamchinja hapo hapo.

Kesho yake vijana wa kifugaji walisimama na fimbo kwenye njia ya kushuka Ngaramtoni. Ilikuwa siku ya soko. Mama alirudi na mkungu wake wa ndizi kichwani, vile vile ulivyotoka.

Kwetu ukimkosea mwenzako unakata isale, lile jani refu tunalopanda mipakani, unalikunja fundo unampelekea kumwomba radhi. Anayeletewa hawezi kulikataa. Linawafaa watu wa aina yangu, halitaki maneno mengi. Nilikata moja kwenye uzio wetu nikampelekea mdogo wangu. Alikuwa anaosha viatu.

"Vipi, tumegombana nikiwa nimelala?"

"Chukua."

Alichukua. Nikamwambia yote, saa sita, ukanda wa mawe, na ile "sijui" yangu. Alikung'uta povu mikononi. Nilitamani akasirike, nipate cha kumchukia.

"Kwa hiyo ulitaka nifeli."

"Ndiyo."

"Basi nimefeli, braza. Na ng'ombe wa watu amekufa." Akalitia jani mfukoni mwa shati. "Utasema mwenyewe."

Mkutano wa pili wafugaji walikuja. Yule mzee alishika majani mabichi mkononi, kwao ndiyo kuomba amani. Mdogo wangu alisimama. "Uzio lilikuwa wazo langu, na nilikosea. Namwomba mzee radhi. Kaka yangu ana neno." Akaketi.

Nilisimama. "Paza sauti, hapa siyo kwa wakwe!" mtu akanirushia, wakacheka. Nikasema polepole. Mzee aliniuliza maswali mawili, upana wa njia na kina cha maji, nikamjibu, kwa sababu hayo nayajua. Wakakubaliana njia hiyo ijaribiwe mpaka mvua, na kitongoji kimpe mzee mtamba badala ya ng'ombe wake.

Njiani kurudi, jirani alitembea na baba. "Yule mdogo kalelewa. Umeona alivyokiri? Na alivyompisha kaka yake aongee!"

"Nimeona," baba akasema.

Nilikuwa hatua tatu nyuma yao. Jibu lilikuwa langu, na sifa zilikwenda kule kule zinakokwenda siku zote.

Sasa ng'ombe hupita saa sita, hunywa na kushuka, wala hakuna anayepiga kelele. Mdogo wangu amerudi chuo. Juzijuzi yule mzee alisimama nilipokuwa nakata majani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Yule mdogo wako, aliyesema amekosea. Hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Msalimie sana. Mwambie namkumbuka."

Nikasema nitamwambia. Tumeshaongea kwenye simu mara mbili tangu siku hiyo, na salamu bado ninazo mimi.