Nusu Inchi ya Bi Pasi

“Mkasi wangu haujaajiriwa kufyeka makosa ya watu!” Bi Pasi aliandika kwenye kundi saa moja asubuhi, bila salamu, na chini yake akabandika picha ya kiraka cha nyota alichoshonewa na Fundi Mapazia. “Tulikubaliana inchi kumi na mbili na nusu. Nimepokea kumi na tatu. Nimekata upande mmoja tu, nyota imepoteza vichwa viwili. Na kile nilichomshonea yeye sikitumi mpaka aniletee kingine.”

Kundi hilo la kwenye simu lilikuwa la wanawake kumi na wawili wanaoshona mablanketi ya viraka, kila mmoja na mji wake, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kila miezi sita walibadilishana: unashona viraka kumi na kimoja, unampelekea kila mwenzako kimoja kwa posta, nawe unapokea kumi na kimoja, unaviunganisha na chako. Kwa hiyo kipimo ndicho kilichokuwa mkataba wao. Kiraka kikizidi au kikipungua, kona hazikutani, na blanketi zima linakaa upande kama kofia ya mlevi.

Mwalimu, msimamizi wa kundi, alijibu kwa upole wa mtu aliyekaa miaka thelathini na watoto wa darasa la kwanza. “Dada yangu, asante kwa kutuambia. Ila unakumbuka kanuni yetu: tunasifiana hapa, tunakosoana pembeni, mtu na mtu.”

“Pembeni, pembeni! Nikienda pembeni wenzangu watajuaje?”

Fundi Mapazia alisoma. Akarudi kwenye cherehani yake.

Bi Pasi akaweka simu mfukoni, akaenda kazini. Alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mashine za pale zinanguruma mpaka watu wanaongea kwa vidole, na yeye alikuwa na maneno mengi kuliko vidole. Yakishalala kutwa nzima kifuani, yalikuwa yakitoka yamechacha. Mdomo huo ulishamtoa kwenye kwaya, ukamtoa kwenye kikundi cha majirani, na dada yake wa tumbo moja walikuwa wakionana misibani tu. Lililobaki ni kundi hili. Jioni akivua viatu, humo ndimo alimokuwa anaulizwa, “Bi Pasi, umeshindaje?” Wapo wanaoulizwa hivyo kila siku hata hawasikii. Yeye alikuwa anasikia.

Jioni ile hakuulizwa. Aliyepiga simu ni binti yake, aliyeolewa mbali, ambaye ndiye aliyemtafutia kundi lenyewe.

“Mama, umefanya nini tena? Mwalimu amenipigia. Wenzako wanaulizana kama awamu ijayo wakuhesabu au wasikuhesabu.”

Bi Pasi akakaa kitandani. “Nimesema kweli.”

“Kweli umesema, salamu umeisahau. Mtu umemzaba kofi mbele ya watu kumi, halafu unangoja akuambie asante.”

“Sijamzaba mtu. Nimepima.”

“Kwani ni yeye peke yake aliyekosea?”

“Wote! Awamu iliyopita vyote kumi na kimoja vilizidi nusu inchi. Nikavipunguza kimya kimya, na sikusema.”

“Wote kumi na mmoja wamekosea, mama, na sawasawa?”

“Sawasawa.”

“Aliyepatia ni wewe tu?”

“Hata mimi nilisikitika,” Bi Pasi akasema, na wala hakuwa anatania.

Kesho yake ujumbe wa Fundi Mapazia ukaingia, si kwenye kundi, kwake peke yake. “Dada, habari za kazi. Pole na usumbufu wa kiraka. Nimekipima mara tatu kabla ya kukituma, lakini sote ni binadamu. Naomba unisaidie kitu kimoja: ilaze tepu yako juu ya rula ya chuma, uniambie unaona nini. Mimi tu, si lazima kundi lijue.”

Tepu yangu! Bi Pasi akatamani kuirusha simu. Tepu ile ya kupimia aliinunua siku aliyohitimu ushonaji, na ilikuwa imeshapima magauni, mapazia na majeneza mawili. Siku mbili nzima hakujibu, na siku mbili hizo hakuna aliyemuuliza ameshindaje.

Siku ya tatu, wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki peke yake kwenye meza ya kukunjia. Ukingoni mwa meza hiyo kuna rula ndefu ya chuma iliyopigiliwa kwa misumari, ya kukagulia mashuka mapya. Akachungulia mlangoni kama mwizi, akaitoa tepu mfukoni, akailaza. Moja, mbili, tatu, nne: zikaenda pamoja kama pacha. Ilipofika tano, tepu ikatangulia. Kumi na tatu ya tepu ilikaa juu ya kumi na mbili na nusu ya chuma, imetulia, haina hata haya.

Akaigeuza. Baina ya nne na tano palikuwa na mshono. Akaukumbuka. Miaka miwili nyuma tepu ilikatika, na yeye, mtu wa viraka, akafanya anachokijua: akapandisha ncha moja juu ya nyingine, akashona. Alishona vizuri mno, uzi wa rangi ile ile, mpaka mwenyewe akausahau. Nusu inchi nzima ilikuwa imelala ndani ya mshono huo, na yeye akiwalaumu watu waliokuwa nayo.

Akamwandikia Fundi Mapazia pale pale, amesimama. “Ni tepu yangu. Kumbe vyangu mimi ndivyo vilivyokuwa vinapungua?”

“Ndiyo, dada.” Ikafuata picha ya blanketi la awamu iliyopita. Katikati kilikuwepo kiraka cha Bi Pasi, kimezungushiwa ukanda mwembamba wa buluu kukitimizia kipimo.

“Ulijua tangu wakati huo! Mbona hukuniambia?”

“Nilikuandikia, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Unavyojibu watu, dada, mtu anaona heri ashone ukanda.”

Bi Pasi aliisoma mara mbili. Mlango ukafunguliwa, wenzake wakarudi wakicheka, na yeye akajifanya anakunja shuka lililokwisha kunjwa.

Jioni alimsomea binti yake alichokusudia kuandika. “‘Nimekosea, lakini tepu hizi nazo siku hizi…’”

“Mama, tepu umeinunua sijazaliwa. Iache tepu. Anza na salamu.”

Akaandika upya. “Wenzangu, habari za jioni. Kiraka cha Fundi Mapazia ni sahihi. Tepu yangu ndiyo fupi, niliishona mwenyewe nikameza nusu inchi. Picha hiyo hapo, na mshono wenyewe. Nilimsema mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu. Mliopokea vyangu nirudishieni, nivishone upya.”

Bi Pasi akawa anafuta meza iliyokwisha safishwa. Kisha Mama Pacha akaandika, “Kumbe nusu inchi zetu zote ziko mfukoni mwako!” Kicheko kikatapakaa kwenye kioo cha simu. “Changu nilishakitilia fremu nyekundu, kimependeza, sikirudishi!” akasema mwingine. Mwisho Mwalimu: “Bi Pasi, awamu ijayo uko namba tano. Umeshindaje leo?”

Jumamosi alinunua rula ya chuma. Ile nyota iliyokatwa vichwa akaitilia ukanda wa buluu ubavuni. Kile kiraka alichokuwa amekizuia akakifumua chote, akakishona upya kwa kipimo cha rula, akakipeleka posta kwa miguu yake.

Siku ya tisa Fundi Mapazia akamtumia picha: kiraka mezani, na rula juu yake.

“Kimefika, dada.”

“Kikoje? Sema tu, sing’ati.”

“Kumi na mbili na nusu. Hudaiwi.”