Raudha wa Tandika na Waliouogopa Usukani

Mwanamke kufundisha udereva, miaka ile ya tisini, lilikuwa jambo la kutazamwa. Raudha binti Khalfani, mzaliwa wa Tandika, aliwaacha watazame. Gari alifundishwa na kaka yake, mtu mpole asiyejua kupayuka, na alipopata kazi katika shule ndogo ya udereva huko Keko alishangaa kukuta wenzake wanafundisha kwa matusi.

Mkali kuliko wote alikuwa Jabiri. Ndiye aliyemwachia Raudha mwanafunzi wake Mzee Kasimiri, akimnong'oneza kwamba huyo kichwa chake jiwe, yeye amechoka naye. Kasimiri alikuwa mtu wa Masasi, mwenye mvi, aliyesokota nyuzi kwenye kiwanda cha nguo tangu ujana wake mpaka kilipobinafsishwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Sasa ndugu yake alikuwa amemwahidi kazi ya kuendesha pikapu, ila awe na leseni kwanza. Na kila alipoachia klachi, gari lilizima.

Siku ya kwanza Raudha alimwamkia shikamoo, kisha akamtazama akijaribu kuondoa gari. Aliona kwamba mzee huanza vizuri. Mguu hupanda taratibu, halafu ghafla mabega yanajikunja kama ya mtu anayengoja kofi, na hapo ndipo mguu unapochomoka. Tatizo halikuwa gari. Akamwomba azime injini.

"Mzee wangu, leo tuongee kidogo. Unaogopa nini?"

Kasimiri alikaza macho kwenye kioo cha mbele. "Nikishindwa na hili, mwalimu, mie nitarudi nyumbani na uso gani? Mke wangu ndiye anayetulisha sasa. Watoto wananitazama."

Raudha hakumwambia asiogope. Alimwambia hofu hiyo ni ya mtu anayewapenda watu wake, na kwamba ndani ya gari lile hakuna atakayemfokea. Kisha akamuuliza habari za kiwandani: alijuaje uzi unakaribia kukatika? Uso wa mzee ukakunjuka. Akaeleza kwamba alikuwa anasikia tu. Mashine hubadili sauti kabla uzi haujakatika, nawe unaiwahi.

"Na injini ni hivyo hivyo," Raudha alisema. "Achana na mie. Isikilize yenyewe."

Kasimiri akawasha. Akaachia klachi, sikio kalitega. Injini ilipoanza kunguruma kwa sauti nzito, mguu ukasubiri pale pale, na gari likaondoka bila kushtuka. Wakazunguka kiwanja cha mazoezi, wakazunguka tena, mzee akicheka peke yake.

Siku ya mtihani trafiki alimsimamisha katikati ya mlima, nyuma yake lori likipiga honi mfululizo. Raudha, aliyekuwa kando ya barabara, aliona mabega yakianza kupanda, kisha yakashuka. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza, na gari likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo.

Leseni ilipotoka, mke wa Kasimiri, Anastasia, alikuja shuleni na sinia la vitumbua, akawagawia walimu wote. Jabiri alikula vyake, akanawa mikono, akaomba akae siti ya nyuma Raudha anapofundisha. Raudha alimkubalia, kwa sharti asifungue mdomo. Akakaa kimya kweli, siku baada ya siku, mpaka wanafunzi wake mwenyewe wakaanza kuushangaa upole wake.

Mwaka uliofuata Raudha alifungua shule yake Tandika, kwa gari moja kuukuu la buluu. Waliojaa mlangoni ni wale walioambiwa kwingine kwamba hawafundishiki: kina mama wa sokoni, walinzi, karani mstaafu. Aliwasalimia mmoja mmoja, akamtafuta aliyetetemeka kuliko wote, akampa ufunguo.